Ujenzi umelala, bei imekesha: kwa nini simiti haishuki wakati kazi hakuna

Ukipita Mamboleo, nje kidogo ya jiji la Kisumu, na kuanza kuupanda mlima wa Riat, utaziona nyumba nyingi zilizofika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, zikasimama hapo. Vyuma vimechomoza juu ya nguzo, vingine vimevishwa mifuko mitupu ya simiti ili visishike kutu, na katika moja ya nyumba hizo, mahali ambapo pangekuwa sebule, pamepandwa sukuma wiki. Mwenye nyumba hiyo ni mama anayeuza omena kwa jumla. Siku niliyomkuta akichuma mboga zake aliniuliza swali ambalo nimelisikia pia Kiamunyi kule Nakuru, na ambalo halijibiwi vizuri na wengi wanaolizungumzia redioni.

“Wanasema ujenzi umedorora,” alisema. “Mimi omena yangu ikikosa wanunuzi mchana, jioni naiuza kwa hasara. Sasa kama watu hawajengi, mbona simiti haishuki?”

Swali hilo ni la haki. Jibu lake linaanzia kwenye maneno yenyewe, kwa kuwa tunatumia maneno mawili kana kwamba yanapima kitu kimoja.

Gharama ya ujenzi ni fedha zinazotumika kusimamisha jengo: vifaa, ujira wa mafundi, usafiri, kukodi mashine na ada za vibali. Bei ya ploti haimo humo, ingawa watu wengi huijumlisha na kusema “kujenga kumekuwa ghali” wakati kilichopanda zaidi mtaani kwao ni ardhi. Mdororo, kwa upande wake, hauzungumzii bei hata kidogo. Unazungumzia wingi wa kazi, yaani ni majengo mangapi, barabara ngapi na madaraja mangapi yamefanyiwa kazi katika kipindi fulani yakilinganishwa na kipindi kilichotangulia. Mtu anaweza kufanya kazi chache kwa bei ya juu, na ndivyo ilivyotokea nchini Kenya.

Shirika la Takwimu la Kitaifa, KNBS, lilionyesha katika ripoti yake ya uchumi ya mwaka 2025 kwamba sekta ya ujenzi ilisinyaa kwa asilimia 0.7 mwaka 2024, baada ya kukua kwa asilimia 3.0 mwaka 2023. Matumizi ya saruji, ambayo ni kipimo kizuri kwa sababu hakuna anayeinunua ili aiweke kabatini, yalishuka kutoka takriban tani milioni 9.2 hadi kama tani milioni 8.5. Huo ndio mdororo ulioingia katika vichwa vya habari.

Hapo ndipo mtu wa Nakuru anapouliza ni mdororo gani huo, na ghorofa zinaota kila kona ya mji tangu ulipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Macho yake hayamdanganyi, ila yanaona sehemu tu. Katika hesabu za taifa, “ujenzi” si nyumba peke yake. Barabara zimo, mabwawa yamo, reli na mifereji ya maji taka imo, na mteja mkubwa wa kazi hizo ni serikali. Mteja huyo alikuwa halipi. Madai ya wakandarasi wa barabara yalirundikana hadi yakafika takriban shilingi bilioni 175, na Mswada wa Fedha wa 2024, uliokuwa na kodi mpya, ulipoondolewa mwezi Juni baada ya maandamano, pesa za miradi ya maendeleo ndizo zilizokuwa za kwanza kukatwa. Mkandarasi asiyelipwa huegesha matingatinga yake, huwarudisha vibarua nyumbani na huacha kuagiza lami na simiti. Mtu wa mjini anaiona ghorofa ikipanda karibu na kwake, lakini haioni barabara ya kijijini iliyoachwa nusu.

Kisha kuna suala la muda. Ghorofa unayoiona ikimaliziwa leo ilianza kwa mkopo uliopatikana miaka miwili au mitatu iliyopita. Mdororo wa ujenzi huonekana kwa kuchelewa, kwani huanza na viwanja visivyochimbwa msingi, na kiwanja kisichochimbwa hakivuti macho ya mtu.

Kwa uadilifu niongeze kwamba mwaka 2025 hesabu za sekta hii zilirudi upande wa kukua. Serikali iliitenga shilingi 7 kati ya shilingi 25 ambazo kila lita ya petroli na dizeli hutozwa kwa ajili ya matengenezo ya barabara, ikaiweka kama dhamana ya kupata fedha za kuwalipa wakandarasi, na mashine zikaanza kunguruma tena. Aliyeanguka shimoni akapanda hatua mbili, hata hivyo, bado yumo shimoni, na ndiyo maana mafundi wengi bado hawakubali ukiwaambia kwamba mambo yametengemaa.

Sasa turudi kwenye bei. KNBS huchapisha fahirisi ya bei za vifaa na huduma za ujenzi. Fahirisi si bei. Ni kama kwenda sokoni kila baada ya miezi mitatu na kikapu kilekile, ukinunua vitu vilevile kwa kiasi kilekile, kisha kulinganisha jumla ya leo na jumla ya mwaka uliouchagua kuwa mwanzo, ambayo unaipa alama 100. Ikisoma 120, kikapu kimepanda kwa asilimia 20 tangu mwanzo huo. Utata huja mtangazaji anaposema “kasi ya kupanda kwa gharama imepungua”, na msikilizaji akaelewa kwamba bei zimeshuka. Fikiria lori lililobeba mawe likitoka Salgaa kuelekea Mau Summit. Dereva hubadilisha gia, mwendo hupungua hadi mtu wa baiskeli analifikia, lakini lori bado linapanda mlima. Bei zetu zimekuwa zikipanda kwa gia ndogo. Bado hatujafika mahali pa kuteremka.

Kwa nini haziteremki? Njia rahisi ya kuelewa ni kukitazama kila kitu kilicho kwenye saiti na kujiuliza kinamsikiliza nani.

Simiti na vyuma havimsikilizi mama wa Riat. Vinasikiliza tanuri, dola na ushuru. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma chokaa na udongo katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,450 hadi vigeuke vigololi vigumu viitwavyo klinka, kisha klinka husagwa pamoja na jasi na majivu ya volkano. Kuchoma ndiko kunakokula fedha, kwa kuwa tanuri hulishwa makaa ya mawe na mafuta usiku na mchana. Kusaga ni kazi nyepesi kiasi. Kwa hiyo baadhi ya kampuni za saruji nchini zina kinu cha kusagia lakini hazina tanuri, au zina tanuri lisilotosheleza. Ni kama mwenye posho mill asiye na shamba la mahindi: akipandishiwa mahindi, unga hupanda hata kama kijiji kizima kimepunguza kula ugali. Mwaka 2023 sheria ya fedha ilianzisha tozo ya asilimia 17.5 kwa klinka inayoagizwa kutoka nje, na kwa vyuma ghafi ambavyo viwanda vyetu huvipasha moto na kuvinyoosha kuwa vyuma vya nguzo. Nia iliyotajwa ilikuwa kuvilinda na kuvikuza viwanda vya ndani, na wenye tanuri zao waliifurahia. Wenye vinu vitupu walilalamika. Mjenzi hakuulizwa.

Tozo hiyo ilikuja wakati mbaya. Shilingi ilikuwa ikianguka, na kufikia Januari 2024 dola moja ilikuwa imepita shilingi 160. Baadaye shilingi ilijizoa ikakaa karibu na 129, na hapo ndipo wengi walipotarajia bei zirudi zilikotoka. Kwa kiasi fulani mbio za kupanda zilipoa. Lakini muagizaji aliyelipia shehena kwa dola ghali hakuwa tayari kuiuza kwa dola rahisi, na nafuu iliyokuja baadaye ilikuta tozo imekwisha kukalia nafasi yake. Juu ya yote kuna kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16, inayohesabiwa kwenye bei ambayo tayari imebeba tanuri, dola na tozo. Katika mfuko wa simiti unaouzwa shilingi 800, kama shilingi 110 ni VAT. Mifuko mia moja ni shilingi 11,000. Kampuni iliyosajiliwa kwa kodi hiyo inaweza, katika hali fulani, kuidai irudishwe. Mama anayejenga nyumba ya kuishi hana wa kumdai.

Halafu kuna barabara. Sehemu kubwa ya simiti na vyuma hutoka pande za Athi River na Nairobi. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160, na hadi Kisumu ni zaidi ya mara mbili ya hizo. Kodi ya VAT kwenye mafuta ilipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na dizeli ikafika shilingi 205.47 kwa lita jijini Nairobi mwezi Oktoba mwaka huo, mfuko wa simiti ulioshushwa Kondele, Kisumu, ulikuwa umelipa nauli kubwa kuliko ndugu yake aliyeshukia Naivasha. Dizeli ilirudi chini ya shilingi 175 mwaka 2025, lakini nauli ya lori haina desturi ya kurudi nyuma haraka.

Kundi la pili ni vitu vya hapa kwetu: mchanga, kokoto, mawe, matofali. Hivi vinasikiliza mvua, umbali na sesi, yaani ushuru wa kaunti. Mvua ya masika ikinyesha Nyakach, lori haliwezi kuingia mtoni, na mchanga hupanda bei ndani ya wiki moja bila dola kutajwa na mtu yeyote. Nakuru imejaliwa mawe ya volkano yanayokatwa kwa mashine. Kakamega, Vihiga na Kisii zina matofali ya kuchoma, ambayo huonekana rahisi hadi uhesabu kuni. Mbao nazo zilianza kuadimika Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na makatazo hayo yakadumu miaka mitano na zaidi.

Na hapa niseme jambo ambalo wajenzi wapya hulisahau: ardhi yenyewe ina bei yake ya pili, ile ya chini ya sakafu. Ramani moja ikijengwa Kano na ikajengwa Kakamega haiwezi kugharimu sawa. Udongo mweusi wa nyanda za Kano huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hivyo fundi mwaminifu atakuambia uuchimbe wote utoke, ujaze murram na mawe, na ushindilie. Nimewahi kuona shimo la msingi huko likimeza lori baada ya lori za mawe huku mwenye nyumba, mzee aliyestaafu ualimu, amekaa juu ya ndoo akihesabu kwa kijiti mchangani. Lori la sita lilipomwaga mzigo wake alimwita fundi kando na kumwambia polepole, “Fundi, hapa tunajenga nyumba au tunaizika?” Nakuru nako udongo wa majivu ya volkano ni mwepesi, na baada ya mvua kubwa nyufa hufunguka ardhini katika baadhi ya maeneo ya mji. Gharama hizo hazionekani katika picha ya nyumba iliyokamilika, na ndizo zinazofanya ulinganisho wa “rafiki yangu alijenga kwa nusu ya pesa yako” uwe wa bure.

Kundi la tatu ni jasho, na hili ndilo pekee linaloitii kanuni ya omena. Asubuhi, kabla ya saa moja, vijana husimama kando ya barabara na sepeto zao wakingoja foromani apite. Kazi zikiwa nyingi, mtu wa mkono hupandisha dau. Kazi zikipungua, hukubali kiasi alichokikataa mwaka jana, kwa sababu hawezi kujiweka stoo angoje bei nzuri. Kwa hiyo jibu la swali la yule mama ni kwamba mdororo ulishusha bei kweli, ila ulishusha ile ya mikono. Ujira ukikaa palepale wakati unga na kodi ya nyumba vinapanda, huo nao ni mshuko, hata kama shilingi ni zilezile. Nikisikia kwamba gharama za ujenzi zimepanda kidogo tu mwaka fulani, huwa najiuliza ni nani aliyezizuia zisipande sana, na mara nyingi ni huyu mwenye sepeto.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kiwanda nacho hakishushi bei ili kivute wateja. Viwanda vya saruji nchini vina uwezo wa kuzalisha zaidi ya soko linavyotumia, kwa hiyo vina kila sababu ya kugombea mnunuzi, na kuna miaka vimefanya hivyo. Ila fikiria matatu ya abiria 14 inayotoka Nakuru kwenda Kisumu ikiwa na abiria 7. Dizeli ni ileile, mkopo wa gari ni uleule, na dereva anataka ujira wake. Mwenye gari anaweza kupunguza nauli ili ajaze viti, au akawatoza wale saba zaidi ili safari ijilipe. Anayedaiwa sana na benki huelekea njia ya pili. Tanuri la klinka lina tabia hiyohiyo, kwa sababu kuliwasha na kulizima ni ghali, na gharama zake nyingi hazipungui hata mifuko ikipungua.

Deni ndilo linalofunga fundo lote. Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13 Februari 2024, na ilianza kuishusha Agosti mwaka huo. Benki za biashara zilikuwa zikikopesha kwa wastani wa zaidi ya asilimia 16, na kwa kuwa mikopo isiyolipika ilikuwa mingi, hazikuwa na haraka ya kushusha. Mtu aliyepanga kumalizia nyumba kwa mkopo alighairi. Mwingine alirudi kwa sacco au chama, akajenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwakani kuta. Ndiyo maana nyumba za Riat zimesimama kwenye lenta. Lenta ni mahali ambapo kazi ya mawe, inayoweza kwenda polepole, hukutana na kazi ya vyuma, mbao na mabati, ambayo hudai fedha nyingi kwa pamoja.

Katika mkanganyiko huu zimezuka imani kadhaa. Ya kawaida kuliko zote ni kwamba mwenye hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, ndiye anayetunyonya. Wapo wajanja, sikatai. Lakini simiti ni bidhaa ambayo kila duka inayo na kila mteja anaijua bei yake, kwa hiyo faida ya mfuko mmoja ni ndogo. Duka hujitafutia riziki kwenye misumari, bawaba na mifereji, ambayo mteja haulizi bei mara mbili. Wengine huilaumu tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 kwamba ndiyo iliyopandisha simiti. Tozo hiyo hukatwa kwenye mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Haigusi bei ya mfuko, ila humwachia mwenye mshahara kidogo zaidi cha kununulia mfuko huo. Miradi inayojengwa kwa fedha hizo kwa kweli huongeza mahitaji ya saruji.

Imani iliyo hatari ni ile ya kuokoa kwa kupunguza simiti kwenye zege. Kipimo kilichozoeleka cha slabu ni simiti moja, mchanga mbili na kokoto nne, na mita moja ya ujazo humeza takriban mifuko 6. Ukiondoa mmoja umeokoa shilingi mia kadhaa na kuidhoofisha slabu yote. Cha ajabu, kinachoharibu zege nyingi huku kwetu hakinunuliwi: ni maji. Zege likiwa zito, kijana mwenye sepeto huongeza ndoo ili limteremkie vizuri, na nguvu hupotea hapo hapo huku mwenye nyumba akilinda mifuko. Wanaopendekeza matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine na simiti kidogo, yale ya kushikana, wana hoja nzuri, kwani hayahitaji kuni wala plasta nyingi. Yanategemea udongo, hata hivyo. Wenye udongo mwekundu wa Vihiga watafaidika. Mwenye ploti ya udongo mweusi wa Kano atalazimika kununua udongo wa mwenzake, na hesabu itabadilika.

Yule mama wa Riat alikuwa na mpango wa kuzingoja bei, na akiona zimelegea anunue mifuko 60 aihifadhi chumbani hadi apate pesa za mafundi. Nilimwambia asifanye hivyo. Simiti hunyonya unyevu wa hewa hata ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, na baada ya miezi mitatu inaweza kuwa imepoteza kama moja ya tano ya nguvu zake. Hewa ya ziwa haisaidii. Vyuma navyo vikiachwa juani na mvuani huvimba kutu. Mawe na kokoto ndivyo vinavyoweza kungoja bila kulalamika. Nilipopita tena wiki chache baadaye, sukuma wiki ilikuwa imeng'olewa nusu, na mahali pake palikuwa na rundo la mawe ya lori moja. Simiti, aliniambia, ataichukua asubuhi ya siku ya kazi, na atalipa bei yoyote itakayokuwepo siku hiyo.